Paka wangu hanibanduki: ananipenda au anafuata dagaa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nina paka jike wa miezi kumi, jina lake Kashata. Tangu nihamie huku kutoka Dar es Salaam mwezi wa tatu, hanibanduki. Nikiwa jikoni yuko miguuni, nikisahihisha madaftari anayalalia, nikiingia bafuni anakaa mlangoni analia mpaka nitoke. Usiku lazima alale kwapani kwangu. Mume wangu anasema hakuna mapenzi hapo, ni dagaa tu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemlisha. Mama mkwe amekuja kutoka Kondoa, naye anasema paka anayemwandama mtu hivi ana jambo lake, twende tukamtupe sokoni. Wiki mbili tatu zilizopita alizidisha, akawa anajigaragaza na kulia usiku, kisha akatulia, na sasa ameanza tena. Halafu nina mimba ya miezi minne. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwalimu, na hongera kwa ujauzito. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake yamo manne, na lile lenye haraka kuliko yote umelichomeka karibu na mwisho kama vile halina uzito. Tutalifikia.

Nianze na mumeo, maana ana hoja. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mfugaji yeyote wa paka anaijua methali hiyo kwa vitendo: fungua mfuko wa dagaa wa Mwanza uone nani anatokea. Urafiki wa paka na mtu mara nyingi huanzia kwenye sahani, hilo sibishi. Ila mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwapa paka nafasi ya kuchagua kati ya vitu vinne: chakula, kitu cha kuchezea, harufu ya kuvutia, na mtu wa kukaa naye. Walipopima muda ambao kila paka aliutumia kwenye kila kimoja, waliomchagua mtu walikuwa wengi kuliko waliochagua chakula. Si wote, maana paka wanatofautiana kama watu, lakini inatosha kumfanya mumeo apunguze sauti kidogo. Na kama bado anabisha, mpe kazi: kwa wiki mbili yeye ndiye amlishe Kashata asubuhi na jioni. Naamini watazoeana vizuri sana, na naamini pia kwamba paka akishamaliza sahani atarudi kulalia madaftari yako.

Kwa hiyo anakupenda? Ndiyo. Lakini usikimbilie kusema kwamba kukuganda ndio ushahidi wa kukupenda, kwa sababu hivyo ni vitu viwili, na kwenye barua yako vimechanganyika.

Kundi hilohilo la Oregon, likiongozwa na Kristyn Vitale, lilichapisha mwaka 2019 utafiti ambao kwangu ni ufunguo wa jambo hili. Paka na mwenye paka wanaingizwa kwenye chumba kigeni, wanakaa dakika mbili. Mtu anatoka, paka anabaki peke yake dakika mbili. Mtu anarudi, wanakaa tena dakika mbili. Kinachoangaliwa ni zile dakika za mwisho. Karibu thuluthi mbili ya paka, wadogo kwa wakubwa, walifanya jambo moja: walimsalimia mtu wao, wakajisugua kwake kidogo, kisha wakaondoka zao kwenda kunusa-nusa chumba. Hao ndio waliohesabiwa kuwa wana uhusiano wenye utulivu. Waliobaki, baadhi walimganda mtu wasimwachie, na wengine walimkwepa kabisa.

Wewe ni mwalimu, unayaona haya kila Januari kwenye lango la darasa la kwanza. Yupo mtoto ambaye mama akirudi saa sita anamkimbilia, anamshika kanga, anamwonyesha kidole kilichochubuka, halafu anarudi kumalizia mchezo. Na yupo anayeng'ang'ania kanga hiyo, machozi hayakauki hata baada ya mama kufika. Huwezi kusema wa pili anampenda mama kuliko wa kwanza. Huyo wa pili bado ana wasiwasi. Jaribio la paka limenakiliwa kutoka kwenye majaribio ya watoto wachanga na mama zao, ndiyo maana mfano unakaa vizuri hivi.

Sasa kwa nini Kashata awe na wasiwasi? Soma barua yako mwenyewe: "Tangu nihamie huku."

Hapa niungame kosa. Nilipoanza kazi Dodoma, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilikuwa narudia ule msemo kwamba mbwa hufuata mtu, paka hufuata nyumba. Mama mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, alikuwa anahamia Ihumwa, akaniuliza kama amchukue paka wake. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: mwache, atazoea wapangaji wapya. Jirani akaahidi kumlisha. Baada ya siku tisa mama alirudi kuchukua masufuria yaliyobaki, akamkuta paka juu ya ukuta, mbavu zinahesabika, sahani ya jirani imejaa wali na inzi. Bajaji haijasimama vizuri, mama yumo ndani anabishana na dereva kuhusu mia tano, paka akasikia ile sauti, akaruka chini, mkia juu kama mlingoti. Mama alinipigia simu jioni ile. Hakunitukana, ila nilitamani angenitukana.

Nikija kulitafakari baadaye, niliona msemo ule si wa uongo wote. Paka ni mnyama wa eneo. Asili yake ni paka pori, yule mwenye michirizi na miguu mirefu ambaye hata huku kwetu mtu humwona akivuka barabara giza likianza kuingia. Huyo anaishi peke yake, analijua eneo lake jiwe kwa jiwe, na usalama wake ni kulijua. Paka wa nyumbani amerithi hulka hiyo. Kilichobadilika ni kwamba, akilelewa vizuri mikononi mwa watu, hasa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, mtu naye anaingia kwenye ramani. Wewe kwa Kashata ni mahali. Ulipomtia kwenye gari ukamtoa Dar, kuta zilipotea, vichochoro vilipotea, sauti za majirani zilipotea, ile harufu ya unyevu wa Pwani ikageuka vumbi na upepo wa Dodoma. Kitu kimoja tu cha kwao kilibaki, nacho kinatembea. Ungekuwa wewe usingekifuata?

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, mwangalie ukirudi shuleni. Hakimbilii mikono yako yenye mfuko. Anaanza na vifundo vya miguu: shavu, ubavu, kisha mkia unaviringika mguuni. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kwenye paji la uso, kidevuni na penye shina la mkia. Siku nzima umekuwa kwenye chaki, watoto arobaini na daladala, umerudi unanuka ugeni. Anakupaka upya harufu ya nyumbani. Watu husema paka anajikuna au anaomba chakula, mimi husema anakupiga muhuri.

Tabia hiyohiyo unaweza kuitumia kumtibu. Chukua kitambaa safi cha pamba, mfute mashavu taratibu akiwa ametulia, kisha kisugue kwenye miimo ya milango na miguu ya meza, usawa wa kichwa chake. Fanya kila siku kwa wiki moja au mbili. Nyumba ya Nzuguni itaanza kunuka kwao, na mzigo wa kuwa kwao utakupungukia wewe.

Bafuni ni habari nyingine, na inachekesha. Mwaka 2021 watafiti wa Japani, akiwemo Saho Takagi, waliwachezea paka sauti ya mwenye paka kutoka upande mmoja, halafu ghafla kutoka upande mwingine ambako mtu asingeweza kufika kwa muda ule. Paka walishtuka. Maana yake ni kwamba hata wakiwa hawakuoni, kichwani wamekuweka mahali fulani, wanakufuatilia kwa masikio. Sasa wewe unaingia mahali, mlango unafungwa, maji yanapiga kelele, sauti yako haisikiki. Umefutika kwenye ramani. Analia kukuuliza ulipo. Mwitikie tu kwa jina lake. Utafiti mwingine wa Kijapani, wa Atsuko Saito mwaka 2013, ulionyesha kuwa paka huitambua sauti ya mtu wao kati ya sauti za wageni. Walikuwa wanageuza sikio au kichwa, ila kuinuka na kuja, wengi hawakujisumbua. Anayefuga paka hakuhitaji profesa kuligundua hilo.

Usiku kwapani ni baridi, mwalimu. Umetoka Dar, umekuja mahali palipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sasa ni Julai, usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14. Joto la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39, na ili asitumie nguvu ya ziada kujipasha anahitaji mahali penye nyuzi 30 au zaidi. Chumbani kwako Julai pako wapi penye nyuzi 30? Chini ya blanketi, kwapani. Mtengenezee boksi dogo la karatasi, liwe la kumtosha kujikunja tu, uweke sweta kuukuu uliyoivaa bila kuifua, uliinue kidogo kutoka sakafuni. Nyumba ya sakafu ya saruji bila zulia ni adhabu kwa paka msimu huu. Ikifika Oktoba, joto la Dodoma likianza, utamkuta amejitandaza kwenye vigae na hataki hata kuguswa, usije ukaniandikia kwamba mapenzi yamekwisha.

Sasa lile ulilolichomeka. Wiki mbili tatu zilizopita alizidisha, akajigaragaza, akalia usiku, akatulia, sasa ameanza tena. Ana miezi kumi, na hujasema popote kwamba amefungwa kizazi. Mwalimu, Kashata yuko kwenye joto, lile la kutafuta dume.

Mwangalie leo jioni. Mkune mgongoni karibu na mkia. Akiinamisha kifua, akabinua kiuno, akaweka mkia upande na kukanyaga-kanyaga kwa miguu ya nyuma, umepata jibu. Wakati huo paka jike hujisugua kwa kila kitu na kila mtu, sauti inakuwa nzito kama mtoto anayelia mbali. Hali hiyo huchukua kama wiki. Paka haachilii mayai mpaka apandwe, kwa hiyo asipopata dume hupumzika kidogo na baada ya wiki mbili au tatu anaanza upya. Ulaya wanapata nafuu msimu wa baridi, siku zinapokuwa fupi, paka wao hutulia. Sisi huku mchana na usiku karibu zinalingana mwaka mzima, likizo hiyo hatuna. Na mashume wa Nzuguni wameshasikia, amini usiamini. Wakimpata, ni wiki tisa tu na utakuwa na watoto wanne watano kabatini, nawe mwenyewe una mimba ya miezi sita.

Tafadhali usimpe Panadol kumtuliza. Nimeletewa paka waliopewa kidonge kimoja kwa nia njema kabisa. Ini la paka haliwezi kuiondoa dawa hiyo, na kidonge hicho kimoja kinaweza kumuua. Vidonge vya uzazi wa mpango vya akina mama navyo hapana, vinaleta usaha kwenye kizazi na uvimbe kwenye matiti. Dawa yake ni kumfunga kizazi. Upasuaji wenyewe si mrefu, paka kwa kawaida anarudi nyumbani siku ileile, na kwa umri wake alikuwa tayari tangu miezi mitano. Wengi tunapenda kusubiri joto lipoe kwanza kwa sababu mishipa ya damu ya kizazi huwa imejaa, kwa hiyo panga tarehe sasa ya siku kumi hivi zijazo, na mpaka hapo madirisha yafungwe.

Kuhusu mimba yako: unachosikia watu wakikitaja ni ugonjwa wa toksoplasma, ambao mama akiupata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito unaweza kumdhuru mtoto. Haupatikani kwa paka kukulalia wala kwa manyoya yake. Vijidudu vinatoka kwenye kinyesi, na kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, kinahitaji siku moja hadi tano. Kwa hiyo mchanga wake usafishwe kila siku, na asafishe mumeo, ambaye sasa atakuwa na kazi mbili. Kashata asile nyama mbichi. Wewe osha mboga vizuri, vaa glovu ukishika udongo wa bustani, na kwa hili utanichukia: zile nyama choma za mnada wa Msalato, Jumamosi hii na zinazofuata, ziive hadi ndani. Nyama isiyoiva inaambukiza vilevile, na hakuna anayesema tukaitupe sokoni. Kliniki ya wajawazito waambie unafuga paka, watakushauri kuhusu vipimo.

Tumfikie mama mkwe. Usibishane naye kwa utafiti wa Oregon, ni kumvunjia heshima na hautafika popote. Kama ni Mwislamu, mkumbushe kwa upole habari ya Abu Qatada, sahaba aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia nyumbani. Wanaowazungukia! Miaka elfu moja na mia nne iliyopita tabia ya Kashata ilishatajwa, na haikutajwa kama kasoro. Na kama anapenda hadithi za kale zaidi, mwambie kisiwani Cyprus walifukua kaburi la miaka kama 9,500, mtu amelazwa na paka wa miezi minane hivi kando yake, sentimita arobaini tu kati yao. Ilikuwa enzi watu wanaanza kuhifadhi nafaka, panya wakafuata nafaka, paka akafuata panya. Mama wa Kondoa aliyewahi kuweka mtama au uwele kwenye kihenge ataielewa hiyo bila mkalimani.

Kuna namna moja ambayo hofu ya mama ina msingi, nami naichukulia kwa uzito. Paka anayezurura, asiye na chanjo, akibadilika ghafla ndani ya siku chache, mkali akawa mpole wa ajabu au mpole akawa mkali, anadondosha mate, anayumba, hawezi kumeza, huyo usimguse. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kashata hana dalili hizo, mwenendo wake una ratiba na sababu. Lakini hujataja chanjo. Anapaswa kuwa nayo tangu miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako.

Kwa paka mzee ningekujibu tofauti. Paka wa miaka kumi na mbili anayeanza kukuganda na kulia usiku hupelekwa kwa daktari kupimwa figo, tezi ya shingo, macho na viungo, kabla ya mtu kusema ni mapenzi.

Nyumbani, kwa sasa, usimfukuze anapokufuata na usimbebe kila anapolia. Jioni kabla ya kulala mchezeshe dakika kumi kwa kamba au unyoya, akimbie kweli, kisha mpe chakula. Paka aliyewinda akala hulala. Mfungulie dirisha lenye wavu atazame kuku wa jirani. Akikutazama kutoka upande wa pili wa chumba, fumba macho polepole kisha fumbua. Wakati mwingine atakurudishia. Siku utakayomkuta amelala chumba kingine peke yake, tumbo juu, wakati wewe uko jikoni, usihuzunike.

Na siku ya upasuaji, mlete kwenye tenga la kuku lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, asile tangu saa ulizoelekezwa. Ndani yake tandika kanga yako uliyoivaa jana. Usiifue.